Barua Niliyomsifia Mgeni

Sentensi yenyewe naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu niliipiga taipu mara saba: "Mama huyu hakai bure, hufanya kazi kila siku tangu alfajiri."

Taipu nilijifunza mwenyewe. Herufi moja ikipinda, nachomoa karatasi naanza upya. Watu wa Garsen walidhani ni bidii. Ilikuwa hofu ya kujulikana kwamba shule sikuimaliza.

Mgeni mwenyewe alikuwa Mzungu, rika la mama yangu, amepanga chumba mkabala na chetu. Baba yake alizikwa zamani katika kijiji cha Wema, naye alitaka kukaa karibu na kaburi hilo walau mwaka mmoja. Kutwa alitafsiri vitabu vya mashine kwa kampuni ya kwao, akatuma kurasa kwa posta, akalipwa huko huko. Pasi yake ya mgeni ilipokaribia kuisha, akahitaji barua ya chifu ili aongezewe muda.

Naibu wa chifu alinipa kazi hiyo, kwa kuwa mimi ndiye niliyempigia taipu barua za ofisi. "Msifu sawasawa," akasema. "Asije akaonekana kama wale wanaokuja kuota jua."

Kwetu ukimwombea mtu, unaanza na mikono yake: analima, anachunga. Mvivu haombewi. Basi nikaiweka kazi yake mstari wa kwanza.

Nilimsindikiza mpaka ofisi ya uhamiaji Mombasa. Nilisema ni kumsaidia mizigo; ukweli ni kwamba nilitaka kuona barua yangu ikisomwa.

Ofisa aliisoma hadi mwisho. "Ni wewe umeandika, kijana? Safi kabisa." Kisha akamgeukia. "Mama, kibali cha kazi kiko wapi?"

"Sina. Kazi yangu iko kwetu."

"Na meza unayofanyia?"

"Garsen."

"Basi kazi iko Garsen. Kodi unalipa wapi?"

"Kwetu."

"Na hapa je? Mama, pasi hii ni ya kutembea. Siwezi kuiongeza."

Nilitaka kusema maneno yale ni yangu, yeye hakuyaomba. Badala yake nikainamia mizigo yake. Niliogopa ofisa aliyenisifu aone kwamba nimekosea.

Nje mgeni akanishika bega. "Usilie, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuniandikia vizuri hivyo."

Aliondoka wiki ile ile, akaniomba niwe napalilia kaburi. Nimekwenda mara moja tu. Niling'oa majani hadi udongo ukabaki mtupu, nikanyoosha kingo kwa kamba, nikanyoosha tena. Mgongo wangu ulikuwa baridi kama wa mtu anayetazamwa. Nilihisi kwamba aliyelala pale anangoja kuambiwa binti yake amefukuzwa na nani.

Nikamwambia ni mimi, nikamsomea sentensi ile kwa sauti, bila kuruka neno. Halafu nikakaa nikisubiri jibu lake, nikashindwa kuinuka.