Hasara Iliyogawanywa kwa Haki

Ofisini tulimwita Mizani, na jina alilipenda. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa macho, na sweta lake la kijivu halikutoka kwenye mgongo wa kiti, maana kiyoyozi cha chumba chetu hakikujua neno kiasi. Kazi yake ilikuwa kugawa gesi. Siyo ya mitungi, ya bomba. Makampuni matatu yaliingiza gesi yao kwenye bomba moja, ikachanganyika humo, na mwisho wa bomba wateja wakaichota. Sasa nani kauza kiasi gani? Gesi haina rangi wala alama ya mwenyewe. Programu ya Mizani ilisoma mita za kuingilia na mita za kutokea, ikapiga hesabu, ikampa kila mmoja haki yake hadi nukta ya nne.

Kinachoingia na kinachotoka havilingani kamwe. Hata maziwa ukiyahamisha sufuria, kidogo hubaki ukingoni. Tofauti hiyo ndogo programu iliigawa vilevile, kila kampuni ikabeba hasara kwa kadiri ya mchango wake. Ila kulikuwa na kikomo, nusu kwa mia. Tofauti ikizidi hapo, mstari kwenye skrini uligeuka mwekundu na hesabu za mwezi zikakataa kufungwa. Hapo kanuni ilitaka watu watoke wakakague bomba.

Kwenye bomba hilohilo, kituo cha katikati chenye valvu kubwa za kufungia gesi, mlinzi alikuwa shemeji yake. Na siyo shemeji wa salamu tu. Mama yake Mizani alipofariki, dada yake mkubwa ndiye aliyemlea, na huyu bwana alimwoa dada pamoja na mzigo wake, mtoto wa shule mwenye magoti ya vidonda. Alimpeleka shule kwa baiskeli hadi alipomaliza. Utani wao haukuwa na breki. "Shemeji, umegawa weee, fungu langu liko wapi?" angeuliza. Na Mizani: "Fungu lako si dada yangu? Na hilo lenyewe ulipewa kwa makosa ya hesabu!"

Jumapili moja Mizani alikwenda kwao, akawakuta uani. Shemeji akasema, "Kuna kioja kazini. Mvua inanyesha kila siku, lakini majani yote pembeni ya chemba ya valvu yamekauka. Nadhani yamechoka kuniangalia sura." Dada akacheka, Mizani akacheka.

Kesho yake mstari ukawa mwekundu.

Mimi nilikaa meza ya pili, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Mizani alipiga hesabu upya, akakagua joto, akakagua mgandamizo, mstari ukabaki vilevile. Akainuka akaenda kwa bosi. Mlangoni kwa bosi, kwa herufi kubwa, palibandikwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Alikuwa anapenda methali, yule bwana. Kuzitii ndiyo ilikuwa kazi.

"Mita inadanganya," bosi akasema. "Mwaka jana si ilidanganya hivihivi? Wewe mwenyewe ndiye uliyeikamata."

Ilikuwa kweli. Kipimajoto cha mita ya kutokea kiliharibika, yeye akakigundua, akapigiwa makofi mkutanoni. Tangu siku ile, hesabu zikiyumba, sote tuliishuku mita kwanza, na yeye zaidi yetu.

"Lakini bosi, majani ya pale kituoni yamekauka."

"Kasema nani?"

"Shemeji yangu, mlinzi."

"Ala! Mlinzi naye kawa mhandisi?" Akacheka. "Kukagua ni kufunga bomba, na tukifunga, wateja watatula nyama. Sogeza kikomo, weka moja. Tufunge mwezi, mita tutaipima mwezi ujao."

Alirudi akakaa, akauma kalamu. Alichukua simu ampigie shemeji, kisha akaiweka. Angemwambia nini? Kwamba labda bomba linavuja, labda mita inadanganya? Angetaniwa mwaka mzima. Akaandika moja. Mstari ukawa kijani, na programu ikaigawa ile hasara kwa makampuni matatu, kila kampuni ikapata fungu lake kwa haki kabisa. Hakuna aliyelalamika. Hasara ikishagawanywa vizuri, nani ataumia hata apige kelele?

Watu husema ajali haina kinga, nami maneno hayo yananitia hasira. Hii ilikuwa na kinga, na rangi yake ilikuwa nyekundu. Mvua ilijaza maji kwenye chemba ya valvu, kama kila msimu, na shemeji akafunua mfuniko akashuka na ndoo kuyachota, kama kila msimu. Tunadhani gesi inanuka. Ile harufu hutiwa huko mbele, karibu na wateja; pale kituoni haikuwa imetiwa bado. Gesi iliyovuja ilikuwa imechukua nafasi ya hewa. Mlinzi wa zamu iliyofuata alimkuta ameketi ameegemea ukuta wa chemba, maji kiunoni, ndoo bado mkononi.

Bomba lilifungwa siku hiyohiyo. Wateja walipiga kelele kidogo, wakanyamaza. Kumbe iliwezekana.

Tulikwenda msibani na bosi wetu, amevaa shati jeusi jipya, akasema marehemu alikuwa mchapakazi. Mizani hakutoka nje kutusalimu. Yaliyotokea ndani aliniambia mwenyewe baadaye, mara moja tu, na sikumuuliza tena.

Dada yake alikuwa amekaa mkekani, machozi yamemkauka. Mizani akaketi ubavuni pake, akamwekea mkono gotini. Wanawake wengine walipotoka kupokea wageni, dada akauliza, bila ukali wowote:

"Mdogo wangu, ile mashine yenu ya kugawa gesi. Haikuona?"

Angeweza kusema haikuona. Dada angeamini; alimlea kwa kumwamini.

"Iliona, dada. Ilinigomea kabisa."

"Ikawaje?"

"Nikaibembeleza, ikakubali."

Dada alimtazama kana kwamba anamsikiliza mtu mwingine aliye mbali.

"Shemeji yako nilikuwa namwambia aache ile kazi, ni ya hatari," akasema. "Ananijibu, 'Hatari gani, na mdogo wako yuko kule kwenye hesabu? Kikiharibika kitu, yeye ndiye wa kwanza kujua.'"

Kisha akaushika mkono wa Mizani, akautoa gotini pake polepole, akauweka mkekani.