Jina la huduma yetu ya SMS lililowanyamazisha wanaume wa Kabuchai

Wakuu, heshima zenu. Haya yalinipata mwenyewe na sijaongeza chumvi. Ila jina lenyewe sitalitaja. Mwishoni mtanielewa.

Miaka ile simu zimeanza kufika mpaka shambani, mimi na rafiki yangu Kiprop tulifungua kampuni kwenye chumba kimoja pale Tuwan, Kitale. Mkulima anatuma neno moja kwa SMS, anajibiwa kama mvua inakuja. Basi.

Shida ikawa jina. Mnadhani haya makampuni hupata majina kwa hesabu? Sisi tulibishana mpaka chai ikapoa.

Mwishowe tukachukua jina wanalopewa wasichana wa Kibukusu waliozaliwa wakati wa mvua. Fupi, tamu, la nyumbani. Mimi Mbukusu ndiye niliyelileta, na nilijiona fundi kweli.

Tukaenda Kabuchai, huko Bungoma, kwa chama cha wakulima. Wakikataa tunafunga ofisi, maana mteja mwingine hatukuwa naye.

Nikawaomba watoe simu, waandike jina lile, watume.

Kina mama wakaandika. Wanaume wakaangalia chini. Mzee mmoja akatoka nje kabisa. Nikajua tumekwisha.

Mama Rael, mwenyekiti wao, akaanza kucheka.

"Kijana, umeoa?"

"Bado, mama."

"Na huyu mwenzako?"

"Pia bado."

"Ndio maana, bana! Hiyo ni jina ya mama mkwe ya hawa wazee wengi. Mtu hawezi taja mama mkwe wake. Sasa ati amwandike kwa simu, halafu amtume?"

Jamani, aibu! Desturi hiyo nimekua nikiiona nyumbani, lakini kapera ataikumbukia wapi?

Nikauliza, sasa tuiite nani? Yule mzee akachungulia mlangoni.

"Ita tu Wingu. Hakuna mtu ameoa kwa Wingu."

Ukumbi mzima ukacheka. Kiprop akafungua laptop, akabadilisha neno hapo hapo, wazee wakalituma, na simu zao zikaanza kulia. Nilishusha pumzi mpaka nikahisi njaa.

Kwa hivyo wakuu, kabla ya kuchora logo, wape wateja walitamke hilo jina mbele yako.

Baadaye nilioa, kule Bokoli. Siku ya mahari mama mkwe alipotambulishwa kwa jina, Kiprop alinikanyaga mguu chini ya meza. Mpaka leo nikiona Wingu kwenye simu nashukuru Mungu. Ningekuwa mkurugenzi asiyeweza kutaja bidhaa yake!

Wenzangu mliowahi kupotea kwenye jina la biashara, leteni visa vyenu. Na kama umelijua lile letu la kwanza, liandike wewe. Mimi siwezi.