Kombe la Mke Wangu

Kama mtoto hakuja kwa sababu yangu, mke wangu alikuwa akitibiwa nini kila Alhamisi? Swali hilo lilininyima usingizi mwaka mzima.

Alikuwa akinywa kombe. Kila wiki mama yangu alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akarudi nayo nyumbani kwetu Mji wa Kale ameifunika kwa buibui. Maandishi yakayeyushwa kwa maji ya waridi, mke wangu akanywa. Miaka mitatu. Mimi sikuletewa sahani hata siku moja.

Nilikuwa na shahada ya biolojia, sina kazi, na muda wa kuwaza ninao tele. Daktari mmoja wa mtaa wa Tudor alikwisha kumpima mke wangu: homoni sawa, mayai yanapevuka kila mwezi, mirija haikuziba. "Mwambie mumeo aje," alimwambia. Nikasema wiki ijayo, kwa miezi minane. Nilijua kwamba ubongo hutuma homoni kuzihimiza korodani zitengeneze mbegu, na kwamba korodani zilizoharibika huhimizwa bure. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano niliugua matumbwitumbwi. Mashavu yalivimba, kisha na huko chini.

Alasiri moja mama alikuwa akichagua mchele.

"Binti wa mjombako amemaliza shule," aliniambia. "Mtulivu. Mkeo atapata mwenziwe wa kumsaidia."

"Kunisaidia nini, mama?" mke wangu akauliza. "Sahani nazimaliza mwenyewe."

"Ulimi unao. Mtoto ndiye huna."

Mke wangu akainamisha uso. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mama, daktari aliniita mimi."

"Akuitie nini? Wanaume wa nyumba hii hawana kasoro."

"Uliniuguza wewe mwenyewe. Wakumbuka nilivimba wapi."

Mkono wake ukatulia ndani ya ungo. "Hayo si ya kusemwa mbele ya watu."

"Huyu si watu. Ni mke wangu."

Mama akanyanyuka na ungo wake, akaingia ndani. Hata chakula cha jioni hakula nasi.

Asubuhi yake tukaenda Tudor, sote wawili. Karani aliuliza mgonjwa ni nani. Mke wangu akafungua mdomo, kwa mazoea.

"Ni mimi," nikasema. Nikapokea kichupa cha kutilia mbegu, nikaingia chumba nilichoonyeshwa, nikafunga mlango.