Maneno Yangu Kinywani mwa Shemeji

Nilikuwa napiga pasi sare za watoto niliposikia sauti ya shemeji yangu redioni. Huyu ni mume wa dada yangu mkubwa. Mtangazaji alikuwa akimwuliza alijifunzia wapi kutafsiri sinema za Kizungu, hata watu wa Bungoma wakawa hawataki kuziangalia bila yeye. Shemeji akacheka kile kicheko chake cha puani.

“Kusema ukweri sikujifunza,” akasema. “Mimi naangaria tu midomo yao, maneno yanakuja yenyewe. Ni kipaji cha Mungu.”

Niliacha pasi juu ya sketi ya binti yangu. Nilipokuja kushtuka, kitambaa kilikuwa kimeshafanya alama ya kahawia na chumba kinanuka. Sikuijali ile sketi. Nilikuwa na hasira ambayo nilidhani nimeshaizeekea.

Kipaji hicho kilikuwa mimi.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kukaa kwa dada yangu Kitale nikisubiri matokeo. Shemeji alikuwa na ukumbi wa video nyuma ya soko, mabati juu na mabati kando, mabenchi ya mbao, na televisheni moja iliyowekwa juu karibu na dari ili wa nyuma nao waone. Watu walitoka vijiji vya Endebess na Kwanza kuleta mahindi na maziwa mjini, na wakimaliza shughuli zao waliingia pale. Walipenda mapigano, lakini mazungumzo yakianza wengi walisinzia, maana Kiingereza cha pua kile hawakukipata. Ndipo shemeji alipoanza kushika kipaza sauti na kuwaeleza. Sauti alikuwa nayo, hilo simnyimi. Ilikuwa nzito na tamu, na aliweza kuwa mwanamke, mtoto na jitu kwa pumzi moja. Alichokosa ni Kiingereza. Siku za mwanzo alikuwa akisema tu, “Sasa huyu amekasirika, mtaona!”

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya wateja, mimi nilikaa peke yangu na kanda. Nilisikiliza sentensi, nikasimamisha, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, kisha nikaandika kwenye daftari kile kilichosemwa, kwa Kiswahili cha watu wa kwetu. Saa tano shemeji alikuja, nikamsomea, akarudia baada yangu kama mtoto wa darasa la kwanza. Saa nane alikuwa mbele ya watu akisema maneno yangu kana kwamba yamemtoka kifuani.

Filamu iliyowapagawisha watu kuliko zote sitaitaja jina. Ilimhusu askari aliyetumwa kutoka sayari iliyokauka kuja kuiba mvua ya dunia yetu, kwa mtambo ulioivuta juu kama mtu anayevuta soda kwa mrija. Akakutana na mjane mwenye kisima, na mwishowe akawageukia wakubwa wake mwenyewe. Ilikuwa na sehemu tatu. Fikiria watu wanaopanda mahindi, wanaokesha wakiomba mvua ishuke mwezi wa tatu, wakiona mtu anaiiba mbele ya macho yao! Wazee walisimama na kumtukana. Mjane alipomwambia yule askari, kwa maneno niliyoandika mimi, “Ukiibeba hii mvua, ibebe na kiu yangu,” wazee walewale wakaketi chini. Wiki iliyofuata nilisikia wanawake wakiambiana hivyohivyo kwenye mashine ya kusaga.

Mwaka uliofuata niliitwa chuo cha ualimu. Niliporudi likizo, ukumbi ulikuwa umefungwa. Shemeji na dada walikuwa wamehamia Bungoma, kwao shemeji, na madaftari yangu hayakuwa kwenye sanduku langu walilolirudisha kwa wazazi wetu. Muda si mrefu nikaanza kuona CD za sinema zenye picha yake na sauti yake. Kila kinyozi alikuwa nazo. Nilifunga safari hadi kwao nikamwuliza.

“Madaftari gani?” akasema, na kuniongezea chai.

Dada alinifuata jikoni. “Usiniharibie nyumba kwa sababu ya sinema,” aliniambia. “Wewe ni mwalimu sasa. Muachie hicho kidogo.”

Nikamwachia. Miaka zaidi ya ishirini nilimwachia. Nilifundisha Kiingereza na Kiswahili upande wa Kwanza, nikaolewa, nikazaa, nikawa naenda Bungoma Krismasi na kula kuku wake. Na kila alipotaniwa mezani aseme yale maneno ya mjane, aliyasema, na mimi nikatafuna polepole.

Lakini kusema redioni kwamba maneno yalikuja yenyewe! Mwisho wa mahojiano mtangazaji alitangaza kwamba kikundi cha vijana kitaonyesha ile filamu ya mvua, sehemu zote tatu, ukumbini Bungoma, Jumamosi asubuhi hadi jioni, na shemeji atazitafsiri papo hapo kama zamani. Niliichukua ile sketi iliyoungua, nikaikunja, nikaamua kwamba nitakwenda.

Kesho yake shule zilifungwa. Kabla ya Jumamosi ile niliziangalia zote kwenye kompyuta ya mume wangu, moja kila alasiri, maandishi ya Kiingereza yakipita chini. Nakiri kwamba nilitaka zioze. Nilitaka kuona kwamba alichoniibia kilikuwa takataka, nimcheke na nilale vizuri.

Ya kwanza haijaoza. Mtambo wa mvua unaonekana wazi kuwa ni plastiki iliyopakwa rangi, na nywele za wale watu zinachekesha, lakini kisima ni kisima cha kweli, na yule mama anapochota maji unaona mkono umechoka. Kwa Kiingereza hasemi habari ya kiu. Anasema tu, “Haya, chukua.” Nililinganisha na nilivyoandika mimi nikiwa na miaka kumi na minane, na sikuona aibu hata kidogo.

Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Si mbaya, ina ufukuzaji mmoja wa magari ambao bado unakufanya ushike kiti. Shida ilikuwa mimi. Kuna neno la Kiingereza, cell, ambalo laweza kuwa chumba cha jela na laweza kuwa betri. Wao walikuwa wanasema betri imekufa. Mimi niliandika kwamba mtu amefia jela. Halafu kuna mzee mmoja mwenye koti jeupe anayeongea dakika nne bila kupumua. Nikiwa msichana sikumwelewa kabisa, na saa tano ilikuwa inakaribia, basi nikabuni. Niliandika kwamba yeye ni mjomba wa askari, aliyepotea zamani, na sasa anamwomba msamaha. Kumbe alikuwa akieleza habari ya pampu ya mafuta.

Ya tatu ni mbaya. Kila kitu kimechorwa kwa kompyuta, mjane hayupo, na askari anapigana na watu elfu bila kutoka jasho.

Nilifunga kompyuta nikakaa. Shemeji hakujua kwamba yule mjomba hayumo. Angejuaje? Miaka yote hiyo alikuwa amebeba kosa langu mgongoni bila kujua, na Jumamosi angesimama nalo mbele ya wanafunzi wa vyuo wanaosoma Kiingereza kama maji. Nilifurahi kwa namna ambayo singependa wanafunzi wangu wanione.

Bungoma nilifika mapema. Binti aliyekuwa akitayarisha mitambo niliwahi kumfundisha darasa la sita. Alinisalimu kwa mikono miwili.

“Teacher! Umekuja kuona sinema?”

“Nimekuja. Hebu niambie, unaweza kuweka maandishi ya Kiingereza pale chini?”

“Naweza. Si ni kubonyeza tu.”

“Basi ya kwanza iache hivyo. Ya pili, yaweke. Makubwa.”

Hakuniuliza sababu. Nikaenda kukaa katikati. Dada yangu alikuwa safu ya mbele, amevaa kitenge kipya, na hakuniona.

Ya kwanza ilienda kama ibada. Shemeji amezeeka, lakini sauti iko. Alisimama kando ya kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, akiwatazama watu zaidi ya picha, maana aliyajua yote kwa moyo. Mjane alipofika kisimani, watu wazima walisema yale maneno pamoja naye, na mzee mmoja mbele yangu akafuta macho. Nikayasikia maneno yangu yakisemwa na vinywa mia. Nikabana mkoba wangu hadi vidole vikauma.

Ya pili ikaanza, na maandishi yakatokea chini, meupe na makubwa. Shemeji aliyatupia jicho mara moja akaendelea. Ilipofika kwenye betri, akalia kwa huzuni, “Wamemuua jela, jameni!” Vijana wa nyuma wakaguna, wengine wakacheka. Alidhani wanafurahi. Akaongeza sauti.

Kisha akaja yule mzee wa koti jeupe. Shemeji akajikunja, akaweka mkono kifuani, akatoa sauti ya kizee inayotetemeka. “Mimi ni mjomba wako! Mimi ndiye niliyekubeba ukiwa mchanga. Nisamehe, mwanangu!” Na chini yake, kwa herufi za kusomeka hata na mtu aliye mlangoni, mzee anasema kwamba presha ikipanda, pampu ya mafuta itapasuka.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga mabenchi. Kijana mmoja akasimama akapaza sauti, “Mzee, hiyo ni pampu, bana! Pampu haiwezi kuwa mjomba!”

Shemeji aligeuka akatazama kitambaa. Akatazama watu. Nilimtazama hadi mwisho, sikuangalia pembeni hata mara moja. Binti wa mitambo akasimamisha picha, yule mzee wa koti jeupe akabaki mdomo wazi pale kitambaani.

“Jameni, msinicheke mimi,” shemeji akasema kwenye kipaza sauti. “Hii sehemu sikutafusiri mimi. Kurikuwa na msichana, shemeji yangu, amemariza form four tu. Kiingereza yake irikuwa mbovu. Ndiye arinidanganya.”

Miaka zaidi ya ishirini nilingoja anitaje mbele ya watu, na alipokuja kunitaja ilikuwa ni kunitwisha kosa. Sikumbuki nilivyopita kati ya magoti ya watu. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa mbele, na dada yangu ameziba mdomo kwa mkono.

“Huyo msichana ni mimi,” nikasema. Sikuhitaji kipaza sauti, nina sauti ya darasani. “Na ni kweli nilikosea. Sikuwa na kamusi na nilikuwa na haraka. Mjomba nilimbuni mimi, na makosa yote ya leo ni yangu. Sasa mwulizeni shemeji swali moja. Kama mabaya ni yangu, yale mazuri ya filamu ya kwanza yalikuwa ya nani?”

Mzee aliyekuwa akifuta macho akasema, “Si ujibu, bwana.”

Shemeji alitazama viatu vyake. Nikanyoosha mkono nikipokee kipaza sauti, akakishikilia kidogo, kisha akakiachia.

“Keti, shemeji,” nikamwambia.

Akaketi karibu na mke wake.

Nikamalizia ya pili sawasawa, pampu na yote, na watu wakaifuata. Tatizo likaja na ya tatu. Nilitafsiri neno kwa neno, kwa uaminifu, na filamu ikafa mikononi mwangu. Maneno yale yalikuwa makavu kama yalivyoandikwa. Watu wakaanza kuvunja karanga, wengine wakatoa simu. Hapo ndipo mama mmoja akasema kutoka nyuma, “Teacher, turudishie mjomba!”

Wakacheka, mimi pia nikacheka. Nikafikiri kidogo. Kisha jemadari wa adui alipojitokeza na kofia yake ya chuma, nikamfanya yeye ndiye mjomba, akamwambia yule askari, kwa sauti ya kizee, kwamba mjomba hakufa, amerudi, na safari hii haombi msamaha. Ukumbi ukasimama. Kuanzia pale nilibuni hadi mwisho. Nilimrudisha hata mjane. Katikati ya hayo nilitupa jicho safu ya mbele nikaona mabega ya shemeji yakitikisika. Alikuwa akicheka, hakuweza kujizuia. Kicheko hicho nacho nilikihesabu kuwa changu.

Jua lilikuwa bado halijatua tulipotoka. Dada alinisubiri kando ya ukuta.

“Umefurahi?” akaniuliza.

“Nimefurahi.”

“Mbele ya watu wote. Ungekuja nyumbani tuzungumze.”

“Nilikuja, dada. Ukaniambia nimwachie.”

Alinitazama kama anayetaka kunipiga kofi, na kwa mkubwa wangu ningelipokea. Kisha akajifunga kitenge chake vizuri akaenda kumtafuta mume wake, aliyekuwa amesimama peke yake karibu na lango, hakuna anayemsalimu. Niliwahurumia? Yeye dada, kidogo. Shemeji, hapana. Nimejichunguza sana juu ya hilo, nikiwa kanisani hata, na jibu linarudi lilelile.

Wale vijana wameniomba nifanye onyesho jingine kule Naitiri likizo ijayo. Nimekubali, kwa sharti kwamba shemeji aalikwe na atengewe kiti mbele.

Juzi nikiwa ofisini mwa walimu, nikisahihisha insha, simu yangu iliita juu ya meza, jina la shemeji limeandikwa hapo. Ilikatika, ikaita tena. Mwalimu mwenzangu akanigusa bega.

“Simu yako inalia.”

“Naisikia,” nikamwambia. “Iache ilie.”