Ngamia Asiye na Kazi

Nichekeni, jamani, lakini msimuulize mkwe wangu, kwani yeye alijionea mwenyewe.

Hapa Msambweni nina kinu cha kukamua mafuta ya ufuta. Hukizungusha ngamia niliyemnunua huko Taru. Juzi nikajiona bingwa wa hesabu, nikazigawa gharama zangu mafungu mawili. Kodi ya banda hulipwa kinu kizunguke kisizunguke. Ufuta hununuliwa kazi ikiwapo tu. Majani ya ngamia nikayatia fungu moja na ufuta, nikajisifu.

Ufuta ukaadimika, kinu kikalala. Nikamfunga ngamia bandani, nikaacha kununua majani.

"Bwana, mnyama ana njaa," mke wangu Mwanakombo akaniambia. "Tumbo lake ni kama kodi ya banda, halingoji kazi."

"Mafuta hakuna, gharama ya mafuta itoke wapi?" nikamjibu, nikachukua ndoo na kata ya kifuu, nikaenda kuoga.

Bafu letu ni ua wa makuti mabichi nyuma ya nyumba. Povu limenijaa mpaka machoni, nikasikia kitu kikitafunwa, na upepo ukanipiga ubavuni. Nikafumbua jicho moja. Ngamia alikuwa amekata kamba, anamalizia ukuta, na nyuma yake amesimama mama yake Mwanakombo, ndiyo kwanza afike kutoka Majoreni, mzigo kichwani.

"Shikamoo, mama," nikasema, nimejisitiri kwa ile kata.

Akajifunika uso kwa buibui. "Marahaba, mwanangu. Mlisheni huyu, kabla hajaifikia kata."