Maka na Moshi wa Ugbad

Saa kumi na mbili asubuhi, Maka Abdikarim ameinama kando ya barabara, Habaswein, akiutia moshi mtungi wake wa bati. Anatumbukiza vijinga vya moto ndani, anafunika, anatikisa. Moshi huo ndio utakaoyafikisha maziwa ya ngamia Garissa bila kuharibika. Ila macho yake hayako kwenye mtungi. Yako kwa jirani yake, Ugbad.

"Angalia," anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini. "Bado hajafungua, watu wamepanga laini."

Maka, 43, mama wa watoto watano, ameuza maziwa hapa kwa miaka kumi na sita. Ugbad ana mitatu tu. Siku njema Maka huuza lita ishirini. Ugbad humaliza arobaini kabla ya saa nne, kisha huyo nyumbani, mtandio ukipepea. Huo mtandio ndio unaomchoma Maka zaidi.

"Mimi ndiyo nilimfundisha kuchoma moshi. Mti ya kuchoma ni ile ile. Sasa wateja wanasema moshi yake ni tamu."

Mwaka jana wivu ulimshinda. Alimnong'oneza dereva wa lori linalobeba maziwa kwamba Ugbad hutia moshi mzito ili kuficha maziwa ya jana. Uongo mtupu! Katika soko hili hakuna neno baya kuliko hilo. Kufikia Ijumaa, Ugbad alikuwa akimwaga maziwa mchangani huku Maka akifungua mtungi wa tatu. Maka alifurahi, tena sana.

Kesho yake alasiri alikwenda kwenye darsa la wanawake kama kawaida. Mwalimu Saynab alisoma kisa cha Nabii Yusufu na ndugu zake, kisha akawaambia wafumbe macho, kila mmoja ajitafute humo ndani. Maka alijitafuta kisimani, kwa walioonewa. Hakujiona. Alijiona amesimama mbele ya baba mzee, ameshika kanzu yenye damu ya uongo, mikono yake inanuka moshi.

"Hiyo kisa nimesikia tangu mtoto. Siku zote mimi nilikuwa Yusufu," anasema. "Siku hiyo nililia mpaka nguo ikalowa."

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya wateja. "Abaayo, dada yangu, nilikusingizia. Maziwa yako haina kasoro."

Ugbad alichukua mtungi wake. Alimimina kikombe, akampa anywe watu wakiona.

"Nilikunywa yote," anasema Maka. "Ilikuwa tamu kuliko yangu. Hiyo ndiyo iliniuma."

Wivu haujamtoka, wala hafichi. Kila baada ya swala ya alfajiri husoma aya chache, hufumba macho, huingia tena katika kisa hicho, akijiona na wale ndugu waliorudi kuomba chakula. Hutoka humo kifua kikiwa chepesi, mpaka amwone Ugbad.

Mwaka huu ana mpango mmoja: kumwendea Ugbad na kumwomba amwonyeshe anavyochoma moshi.

"Kuomba msamaha ilikuwa rahisi," anasema. "Kuomba anifundishe, hiyo bado naombea dua."