Rejimu ya Wiki Nzima

Kuna shule ya binafsi huko Kibenga, mtaa wa matajiri wa mji wetu. Ukisimama langoni mwake unaliona Ziwa Tanganyika, na mchana watoto wake hulishwa samaki waliogandishwa, waliovuliwa katika bahari ambayo sijui kama kuna mwalimu wa pale awezaye kuionyesha kwenye ramani. Pamoja na samaki hao huja vibanzi vya viazi vilivyokatwa Ulaya, soseji, na tufaha moja kwa kila mtoto, limefungwa karatasi kama zawadi. Mwaka jana kamati ya wazazi iligundua kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Zamani heshima ilikuwa kula vya mbali. Sasa, kwa watu wanaosafiri, heshima imehamia kwenye vya karibu. Wakatafuta mtu wa kuwafundisha kula vya karibu. Wakanipata mimi.

Sina sifa yoyote ya kumfundisha mtu kula. Nilisomea falsafa, naishi Ngagara, na asubuhi nakunywa maziwa ya unga yaliyotoka nchi ambayo sijawahi kuiona. Lakini nilikuwa nimeandika makala kadhaa za kuwacheka wanaonunua nyanya za kopo huku nyanya za Imbo, bonde letu la kando ya ziwa, zikiozea sokoni, na katika mji wetu mtu akikicheka kitu mara kwa mara, watu huanza kumhesabu kuwa mtaalamu wake.

Ningekataa. Nilikubali kwa sababu ya dada yangu.

Dada yangu mkubwa alikuwa na mgahawa Buyenzi, mtaa tuliozaliwa: chumba kimoja kati ya gereji mbili, ambamo aliwapikia mafundi maharage, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Mwenye chumba alikuwa amemwambia atakitaka mwisho wa mwezi, afungue duka la vipuri, kwa kuwa vipuri havitoi moshi. Dada alizunguka Buyenzi nzima na hakupata pengine. Nilipomweleza kwamba kamati inataka chakula cha hapa, na kwamba chakula cha hapa kitahitaji mpishi wa kudumu anayekijua, aliacha kumenya vitunguu.

"Jiko yao iko mukubwa?"

"Kubwa kuliko chumba hiki chote."

"Na we njo utawafundisha?"

"Ndiyo."

"Basi usiongee sana, profesa. Waache wakule."

Tukapanga hivyo. Jumamosi ningezungumza kidogo, yeye angeleta vyungu, wazazi wangekula, kisha kamati ingepiga kura juu ya jiko. Mpango ulikuwa mzuri. Nikauharibu kwa neno moja.

Nilitaka kila mzazi aandike nyumba yake ilikula nini wiki ile na kilitoka wapi, kwa sababu huwezi kumfundisha mtu kuchagua wakati hajui kwamba anachagua. Basi nikaandika kwenye kundi lao la simu: "Wapendwa wazazi, Jumamosi kila mmoja aje na rejimu yake ya wiki nzima, tuiangalie pamoja." Katika Kifaransa chetu, tunachokitia ndani ya Kiswahili kama chumvi, rejimu ni mpangilio wa kula, ule ambao daktari humwekea mgonjwa wa sukari. Rejimu pia ni mkungu mzima wa ndizi, pamoja na bua lake. Kuna na maana ya tatu, ya wanaotawala, lakini hiyo watu wazima hapa huiacha ipite.

Haukupita muda, mama mmoja akauliza: "Ya kupika ama ya kuiva?" Nikadhani anauliza kama tunapendelea vilivyopikwa au vibichi, swali ambalo niliona lina kina. Nikamjibu: "Yoyote, mradi iwe ya kweli." Baba mmoja akauliza: "Ya kununua inafaa ama lazima ya shamba?" Nikajibu: "Leteni ya kwenu kama ilivyo, msione aibu." Nakumbuka nilijipongeza kwa ile "msione aibu". Nilihisi kama nawaponya.

Jumamosi nilipofika, magari makubwa yalikuwa yamepangwa uani, na madereva walikuwa wakishusha mikungu ya ndizi. Sikuelewa mara moja. Nilidhani shule inafanya biashara. Ni pale mama mwenyekiti wa kamati, amevaa kitani cheupe, aliponishika mkono na kusema, "Profesa, tumefuata maagizo yako," ndipo moyo wangu ulipoteremka ngazi kadhaa. Ukumbi wote ulikuwa ndizi. Utomvu ulikuwa ukidondoka kwenye vigae vyeupe, na watoto wawili walikuwa wakiukanyaga ili kusikia soli zao zikinata.

Mtu mwenye akili angekiri hapo hapo kwamba ametumia neno vibaya, wote wakacheka, na kazi ikaendelea. Mimi nilisema, "Vizuri sana."

Kilichofuata hakikuwa somo. Kila familia ilisimama nyuma ya mkungu wake kama mtu anayepigwa picha na mchumba.

"Hii ya shamba letu la Bubanza," alisema daktari mmoja. "Tuko na mto unaopita katikati."

"Sisi tuko Rumonge," akasema jirani yake, "upande wa juu, kule hewa iko safi. Hatutie mbolea ya duka. Mbolea ni ya ng'ombe yetu."

"Ng'ombe ni ya kizungu ama ya hapa?"

"Ya hapa. Lakini bwawa ya kuinywesha ni ya kisasa."

Kulikuwa na baba mmoja ambaye mkungu wake ulikuwa bado una kamba ya sokoni. Alisema ni wa shemeji yake wa Cibitoke, na hakuna aliyemuuliza zaidi, kwa sababu uongo wa aina hiyo walikuwa wanaufahamu na waliuheshimu.

Nilijaribu kufundisha. Niliwaambia kwamba ziwa lililo hapo ng'ambo ya barabara hufungwa kwa wavuvi kwa muda ili samaki wazaane, na kwamba kula vya hapa maana yake ni pamoja na kukubali kukosa ndagala wakati huo, si kumtuma dereva akazitafute kwa siri. Daktari akaitikia kwa kichwa. "Sahihi kabisa, profesa," alisema, huku akiupima kwa macho mkungu wa Rumonge. Nikawaambia kuhusu mchele wa Imbo. Mama mwenyekiti akasema wana shamba Imbo pia, lakini upande huo wanalima mahindi. Nikagundua kwamba kila neno nililolisema, "hapa", "udongo", "karibu", lilikuwa likigeuka kinywani mwao na kuwa neno moja tu: "yetu". Nilikuwa nimekuja kuwafundisha watu kununua kwa majirani. Wao walikuwa wakinielezea kwamba hawana majirani, wana mipaka ya shamba.

Ndipo dada alipoingia na vyungu vyake kwa teksi. Alisimama mlangoni, akatazama.

"Umewaitia soko?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni neno. Nitakueleza."

"Apana. Usinielezee."

Wakala. Hilo siwezi kuwanyima: walikula sana. Sombe ilisifiwa kuliko vyote. Mama mwenyekiti alifumba macho na kusema, "Unasikia? Hii ni ladha ya udongo wetu." Nilikuwa nimemkataza dada kutumia vile vidonge vya mchuzi vinavyouzwa ndani ya karatasi ya kung'aa, vinavyotoka kiwandani mbali kabisa na udongo wetu. Nikamtazama. Akawa anakagua dari.

Halafu ikaja kura. Kura ya kwanza, ambayo sikuwa nimeiomba, ilikuwa ya kuchagua mkungu bora. Ulishinda wa mama mwenyekiti, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwa makofi. Kura ya pili, ile ya jiko, haikuja kabisa. Mama mwenyekiti alisimama akasema somo la leo limewafungua macho: kumbe chakula cha hapa wanacho wenyewe. Kwa hiyo kila Ijumaa itakuwa siku ya vya hapa. Familia moja kwa zamu italeta mazao ya shamba lake, na mpishi wa nyumba hiyo atakuja kuyapika. Siku nyingine, kwa sasa, zitabaki kama zilivyo.

"Na mupishi wa kila siku?" aliuliza dada.

"Mama, umetupa moyo kabisa," alisema mama mwenyekiti. "Tunakushukuru."

Wakampigia makofi na yeye pia, kama walivyoupigia mkungu.

Nilisimama. Nilisema kuna suala la mpishi wa kudumu, ambalo lilikuwa katika mazungumzo yetu. "Hatua kwa hatua, profesa," alisema mama mwenyekiti, kwa upole ambao kwao ni namna ya kufunga mlango bila kelele. Nikakaa.

Mwisho hakuna aliyetaka kurudisha ndizi. Utomvu ukishika kiti cha gari hautoki, na mapenzi yao kwa udongo yaliishia pale ambapo udongo ungegusa ngozi ya kiti. Wakampa dada zote kama zawadi, wakafurahi sana kuwa wametoa. Tulizipakia kwenye gari langu, ambalo viti vyake havina heshima ya kupoteza, tukafanya safari mbili hadi Buyenzi. Njiani dada alishika vyungu vyake visigongane. Nilitamani anitukane.

Mafundi walitusaidia kushusha. Mmoja wao alipoubeba mkungu ulioshinda, alicheka akawaita wenzake waje kuona. Zilikuwa ndizi za pombe. Ukizipika zinakukausha ulimi, na nyumba ambayo imewahi kumenya ndizi zake kwa mikono yake hujua hivyo. Lakini nyumba ya mama mwenyekiti hununua mvinyo.

"Mi mwislamu," dada aliniambia. "Nitaifanyia nini hii? Peleka kwako Ngagara. Ni rejimu yako."

Nikaipeleka. Iliiva kwenye baraza langu mpaka nzi wakaanza kuja kwa familia.

Ndizi nyingine dada aliwapikia mafundi kwa maharage, siku baada ya siku, hadi mmoja akamuuliza, "Mama, leo tena?" Akamjibu kwamba ni chakula cha hapa, kinafundishwa Kibenga. Mwisho wa mwezi alitoa vyungu, na ndoano alizokuwa akitundikia miiko zikatundikiwa shokomzoba. Sasa anapika chini ya mabati, mbele ya nyumba ya wifi yake, mbali kidogo na gereji. Baadhi ya mafundi wamemfuata. Wengine wamepata mgahawa wa karibu zaidi, na siwezi kuwalaumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikihubiri ukaribu.

Baada ya Ijumaa chache mama mwenyekiti alinipigia simu. Ukutani shuleni kuna picha kubwa ya mikungu ile, alisema, imependeza. Ila wapishi wa nyumbani wamezoea kupikia familia moja, si shule nzima. Sombe yao inatoka ngumu na watoto wanaitema. Je, yule mama wa Buyenzi asingeweza kuja awafundishe? Kwa kujitolea tu, kwa ajili ya watoto. Akaongeza kwamba wangefurahi pia kama ningerudi kutoa somo la pili. Ni aibu kusema kwamba kabla ya kujikumbuka nilikuwa nimeshamuuliza ni lini.

Nilikwenda kwa dada nikamweleza. Alikuwa akikoroga maharage. Alionja, akaongeza chumvi, akaonja tena.

"Kwa kujitolea," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Na we umejibu nini?"

"Kwamba nitakuuliza."

"Mwambie hivi: dada anasema haiwezekani, iko kwa rejimu."

Nikauandika ujumbe huo pale pale, nimesimama kwenye moshi, neno kwa neno. Sikueleza ni rejimu ipi. Mama mwenyekiti alijibu upesi, akamtakia dada afya njema.